Kumrudisha Kwao Ili Nimwoe

Nilisema, "Aende." Ni neno moja tu. Nililisema siku mbili baada ya Krismasi, mchana, nikiwa na bakuli la mtori mkononi na watoto wangu wote watatu wamejaa sebuleni. Ningeweza kusema asiende. Ningeweza pia kunyamaza nikaendelea kula, jambo likapita kama yanavyopita mengi ya Krismasi watu wakishashiba. Nilisema aende, na mpaka leo sijaelewa vizuri nilikuwa namjibu nani.

Aliyetakiwa kwenda ni mke wangu. Aliyeuliza ni binti yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam na ambaye akishika jambo haliachi. Hakumuuliza mama yake. Aliniuliza mimi, na mama yake alikuwa hapo hapo, amekaa kwenye kiti kifupi karibu na mlango wa jikoni, anamenya ndizi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeishi pamoja miaka arobaini na moja bila ndoa ya kanisa. Mahari ilipelekwa kwao, pombe ya mbege ikanywewa, wazee wa pande zote mbili wakaridhika, lakini mbele ya madhabahu hatukufika. Kosa hilo ni langu. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Kwanza nyumba iishe, kisha watoto wamalize shule, kisha msimu wa wageni upite, maana nilikuwa mpishi wa wapanda mlima na siku zangu nyingi nilikuwa juu kwenye kambi, sipo nyumbani. Miaka ikaisha hivyo hivyo. Katika usharika wetu, mtu anayeishi na mwenzake bila ndoa hafiki kwenye meza ya Bwana. Jumapili ya ushirika mtakatifu wenzetu walisimama wakaenda mbele, na sisi tukabaki kwenye benchi pamoja na watoto ambao hawajapata kipaimara. Mimi nilizoea. Nilidhani na yeye amezoea.

"Safari hii tunawafungisha ndoa," binti yetu alisema. "Kamati ipo, kundi la WhatsApp lipo, kitenge cha sare nimeshakiona Kariakoo. Kuna sendofu ya kumuaga mama kwao, kuna mbuzi wa ndafu, na kichen pati ya mama."

"Kichen pati?" mke wangu akauliza. "Wanifundishe nini? Kupika mtori?"

"Wakufundishe kumtunza mume," akasema kijana wetu wa mwisho, anayekaa Moshi mjini, mtaa wa Rau.

"Huyu? Huyu hata mkinifundisha mwaka mzima."

Tulicheka wote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, mpaka mtori ukanimwagikia suruali.

Ndipo binti akasema kuhusu kuondoka. Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu. Katika muda huo mama yake inabidi arudi kwao Old Moshi, ili siku ya harusi atoke kwao kama bibi harusi yeyote. "Maana bibi harusi hawezi kutoka chumba kile kile anachotoka bwana harusi," alisema. "Watu watatucheka. Eti baba? Mama aende?"

Aliposema chumba kile kile, mke wangu aliinua macho kutoka kwenye ndizi, akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Watoto wetu hawakujua kwamba sisi tulikuwa hatulali chumba kimoja kwa miaka kumi na moja.

Hapakuwa na ugomvi. Mjukuu mmoja aliletwa kukaa kwetu akiwa mdogo, analia usiku, na mke wangu akahamia chumba cha pili ili alale naye. Mjukuu alikua, akaenda shule ya bweni. Mke wangu hakurudi kwenye chumba chetu. Mimi sikumwita. Wageni wakija, watoto wakija, alilala kwangu siku hizo, mgongo wake ukiwa ukutani, na wakiondoka alirudi kule. Kama kuna mtu angeniuliza ni nani aliyemwacha mwenzake, ningeshindwa kujibu. Hata leo nashindwa.

Mchana ule angalau sababu ya kukataa ilikuwepo mbele yangu. Ningesema, mwanangu, mimi na mama yako hatuna chumba kimoja, kwa hiyo hakuna haja ya kumsafirisha. Niliona aibu. Nikasema, "Aende."

Mke wangu alimaliza kumenya ndizi, akaingia jikoni.

Aliondoka wiki iliyofuata kwa gari la kijana wetu. Alibeba begi dogo, Biblia, kitabu cha nyimbo na sweta. Niliangalia begi lile nikatulia, kwa sababu mtu hawezi kuhama na begi dogo namna ile. Kwao alikuwa amebaki wifi yake tu, mjane wa kaka yake mkubwa, anayekaa peke yake kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, lenye migomba mizuri na ng'ombe mmoja. Kutoka kwetu Marangu ukateremka Himo, ukafika Moshi mjini na kupanda tena hadi kwa wifi yake, ni safari ya asubuhi moja. Nilimwambia, "Wiki tatu siyo kitu." Akasema, "Siyo kitu." Alifunga mlango wa gari mwenyewe.

Kuanzia jioni ile nikawa nampigia simu. Hapa lazima niseme jambo la aibu. Nimewapikia watu wa mataifa mengi, kwenye mahema, upepo unazima moto, nikawapa supu ya moto na chapati, wakanipigia makofi. Lakini kwenye jiko la nyumba yangu sikujua chumvi inakaa wapi. Nilipiga kuuliza chumvi. Nilipiga kuuliza kisu cha kukatia majani ya ng'ombe. Nilipiga kuuliza kama yule ng'ombe mweusi hukamuliwa kabla ya kulishwa au baada. Siku nyingine nilipiga mara nne. Simu ikipokelewa na wifi yake, alikuwa hanisalimii, alikuwa anamwita mke wangu kwa sauti kubwa, "Njoo, mchumba wako amepotelewa tena!"

Siku moja mke wangu alinijibu kuhusu chujio, kisha akasema, "Baba, kila siku unanipigia kuuliza kitu. Siku ukinipigia huulizi kitu, nitakaa chini nikusikilize."

Niliyafikiria maneno hayo siku nzima. Kesho yake nilipiga, nikamsalimia, akaitika, nikakaa kimya. Sikuwa na la kuuliza, na nikagundua kwamba bila la kuuliza sina la kusema. Nilimsikia anapumua. Nilimsikia kuku wa wifi yake. Kisha nikasema, "Na ile sufuria kubwa iko wapi?" Akasema iko chini ya meza, akakata.

Sasa kabla sijaeleza yaliyotokea ofisini kwa mwinjilisti aliyetakiwa kutufundisha ndoa, inabidi nieleze hadithi yangu ya Krismasi. Kila Krismasi, watoto na wajukuu wakiwa wamekusanyika, walikuwa wananiomba niwasimulie jinsi mimi na mama yao tulivyotoroka. Nami nilikuwa naisimulia vizuri. Yeye alikuwa mwanakwaya wa usharika wa kwao. Kwaya yetu ilialikwa kule, tukaongea mara mbili, nikampenda. Binti ya shangazi yangu alikuwa rafiki yake. Nikapanga naye, akamwalika Marangu eti waje kumwona mzazi aliyejifungua. Mzazi hakuwepo. Jioni ikaingia, wakamleta nyumbani kwa mama yangu, ambako chumba kilikuwa kimeshaandaliwa, na wanawake wakapiga vigelegele nje ya mlango. Asubuhi baba zangu wadogo wakaenda Old Moshi kuwaambia wazazi wake, msimtafute mtoto, yuko kwetu. Sehemu waliyoipenda sana wajukuu ni ile ya viatu. Niliwaambia kwamba bibi yenu alitaka kurudi kwao, lakini viatu tulikuwa tumevificha juu ya dari. Hapo walikuwa wanacheka mpaka wanalala chini.

Wakati huo ndoa zilikuwa zinafanyika hivyo kwa wengi, na sikuwahi kuiona kama kosa. Ninachokumbuka sasa ni kwamba kila nilipofika kwenye viatu, mke wangu alikuwa anatoka kwenda kumwangalia ng'ombe.

Kabla ya Jumapili ya tangazo la kwanza tuliitwa kwa mafundisho ya ndoa, kwa mwinjilisti wa usharika wa kwao. Ni mtu mdogo kuliko mtoto wetu wa kwanza, mwenye adabu. Wifi yake alimsindikiza mke wangu, akakaa nje kwenye benchi, mlango ukiwa wazi, kwa hiyo alisikia kila neno na baadaye hakuficha.

"Shikamooni wazazi wangu," mwinjilisti akasema.

"Marahaba."

"Mimi nawezaje kuwafundisha ndoa ninyi? Ninyi ndio mnifundishe. Tujaze tu hii fomu." Akaandika majina yetu na umri wetu. "Naanza na baba. Unataka kumwoa huyu mama kwa hiari yako?"

"Kwani nimekuja kufanya nini?"

"Nijibu ndiyo au hapana, mzee wangu."

"Ndiyo."

"Na mama. Unataka kuolewa na baba kwa hiari yako mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu yeyote?"

Mke wangu alikuwa anaangalia kalamu. Nilidhani hajasikia, maana sikio lake la kushoto limepungua, na mwinjilisti alikuwa upande huo. Kwa hiyo nikamsaidia.

"Anataka," nikasema. "Andika tu."

Mwinjilisti akainamisha kichwa aandike.

"Usiandike," mke wangu akasema.

Kalamu ikasimama.

"Yeye ameulizwa la kwake, akajibu. Mimi nimeulizwa la kwangu, akajibu yeye tena."

Mwinjilisti alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mambo yaende. "Basi jibu mwenyewe, mama."

"Mwanangu, mimi sijawahi kuulizwa hilo swali. Tangu nizaliwe. Nipe muda nifikirie."

"Lakini mama, ninyi si mlitoroka pamoja? Binti yenu kanieleza kwenye simu. Mtu akitoroka maana yake ametaka."

"Huyu ndiye anayesema tulitoroka," mke wangu akasema, bila kunitazama. "Mimi nilitoroshwa."

Nilisoma mpaka kidato cha nne, na katika masomo yote Kiswahili ndicho nilichokipata vizuri. Tofauti ya kutoroka na kutoroshwa ningeweza kuieleza ubaoni. Lakini kwa miaka arobaini na moja nilikuwa nimesema tulitoroka, wingi, yeye na mimi, na hakuna aliyenisahihisha. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki najaribu kukumbuka sura yake ya jioni ile. Nilikuwa nakumbuka anacheka. Nina hakika alicheka. Nikasema hivyo, "Si ulikuwa unacheka?"

"Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya. Hujawahi kucheka hivyo?"

Nilikuwa nacheka hivyo wakati ule ule, ofisini.

Mwinjilisti alijaza nafasi kwa maneno, kama wanavyofanya vijana. Alisema hakuna haraka. Alisema hata mama asiwe na wasiwasi kuhusu meza ya Bwana, kwa sababu kilichomzuia ni kuishi na mwanamume bila ndoa, na sasa anaishi kwa wifi yake, kwa hiyo akitubu anaweza kurudishwa kundini hata kabla ya harusi. Alisema ili kumtuliza. Mke wangu akageuka, akampa sikio lake zuri.

"Rudia hapo," akamwambia.

Akarudia.

Nje nilimuuliza mke wangu kwa nini ameniaibisha mbele ya mtoto kama yule mwinjilisti. Wifi yake alikuwa amesimama karibu, anajifanya kufunga kilemba. Mke wangu akasema taratibu, "Unajua mimi nilikuwa nakupenda? Ile kwaya yenu ilipokuja, nilikuwa nakuangalia wewe. Ungeniuliza, ningekuja kwa miguu yangu."

"Basi si ni kitu kile kile?" nikasema. "Ulikuja, na ulikuwa unanipenda."

Aliniangalia kama mtu aliyesemeshwa Kichagga cha Rombo ambacho hakijui hata neno moja. Akamshika wifi yake mkono, wakaondoka.

Nilirudi nyumbani nikijua kwamba nimesema vibaya, lakini sikujua ni wapi. Usiku na mchana nililigeuza lile jambo. Kama alikuwa ananipenda, nilimkosea nini? Na kama nilimkosea, mbona aliishi nami miaka yote, akazaa, akanifulia, akanisubiri nishuke mlimani na kunikanda magoti? Hiyo yote ilikuwa nini? Niliwaambia watoto kwamba mama yao amechoka tu, kwamba mambo yanaendelea. Kamati ikaendelea. Kitenge cha sare kikafika, cha bluu na maua ya njano, kikagawiwa kwa wanawake wa ukoo na majirani.

Jumapili ya tangazo la kwanza nilivaa koti. Nilikaa benchi la tatu, mahali ambapo kila mtu ataniona. Wakati wa matangazo ulipofika, mzee wa kanisa alisoma habari ya mavuno, akasoma habari ya kwaya, akasema, "Ndoa zinazotarajiwa." Wenzangu wawili wakanigeukia wakitabasamu. Akasoma ndoa ya vijana wawili. Akasoma nyingine. Kisha akakunja karatasi, akasema tusimame tuimbe. Nilichelewa kusimama. Mtu wa nyuma yangu alidhani ni magoti, akanishika kwapa kuniinua.

Baada ya ibada nilimfuata yule mzee. "Jina langu umeliruka."

"Sikuliruka, meku," akanijibu kwa upole, kwa neno letu la kumwita mzee. "Halikuletwa. Mwinjilisti wa kule alipiga simu, akasema bibi harusi bado anafikiria."

Kesho yake nilichukua isale. Huku kwetu, mtu akimkosea mwenzake vibaya, humpelekea jani la isale, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Hata maadui wa mipaka wameshikana mikono kwa sababu yake. Nilikata kwenye mpaka wa kihamba changu, nikalifunga kwenye gazeti, nikasafiri nalo nimelipakata. Sikuwa na wasiwasi kabisa. Nilijua isale halikataliwi. Njiani niliwaza tu kama bodaboda itakayotupeleka stendi itaweza kubeba sisi wawili na begi lake.

Wifi yake ndiye aliyenipokea getini.

"Karibu, meku. Leo umekuja kuchumbia, au umepotelewa na chumvi?"

"Shemeji, leo sina utani."

"Ndiyo shida yako hiyo. Ulikuwa na utani siku zisizotakiwa."

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kibaraza, juani, anakunywa chai. Ilikuwa kama saa nne, siku ya kazi, naye amekaa. Sikumbuki kumwona amekaa saa nne. Uso ulikuwa umejaa kidogo. Nilimsalimia, nikafungua gazeti, nikampa lile jani kwa mikono miwili. Nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga, kwamba nilimchukua kwa hila, kwamba nilimfichia viatu, kwamba niliwafanya wajukuu wamcheke kwa jambo lililomuumiza, na kwamba nilimjibia swali lake. Niliyasema yote. Nadhani niliyasema vizuri, kwa sababu wifi yake aliacha kufagia.

Mke wangu alilipokea jani, akaliweka mapajani.

"Aika mbe," akasema, yaani asante, kwa Kichagga cha heshima. "Nimekusamehe. Kweli kabisa."

Nikasimama. "Basi lete begi."

Wifi yake alicheka mpaka akashika nguzo. Mke wangu hakucheka.

"Baba, kaa chini," akasema. "Umeniomba msamaha, nimekupa. Hukuniomba kingine."

"Si ndiyo hicho kingine? Mtu akisamehe si anarudi?"

"Nani amesema?"

Kwa akili yangu vilikuwa kitu kimoja, na sijui nilikiokota wapi. Nikakaa. Wifi yake akaniletea chai, akaiweka bila maneno, akaenda kwa ng'ombe. Hapo ndipo nilipojaribu kumuuliza. Ilinichukua muda. Nilikunywa chai yote kwanza.

"Unataka kuishi na mimi?" nikasema.

Alifikiri kweli. Niliona anafikiri. Sikumjibia.

"Hapana," akasema.

"Umenikasirikia?"

"Ningekuwa nimekasirika ningerudi nikugombeze. Sina hasira. Nalala mpaka jua litoke. Naamka, hakuna anayeniita."

"Miaka kumi na moja ulikaa chumba cha pili," nikasema. "Na kule nako ulikuwa unanikataa?"

"Nilikuwa nangoja uniite."

"Mimi nilikuwa nangoja urudi."

Tukatazamana. Nilidhani baada ya maneno hayo kitu kitafunguka, kwa sababu yalikuwa maneno makubwa kuliko yote tuliyowahi kuambiana. Lakini yeye alitikisa tu kichwa, kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa watu wa mbali. "Basi," akasema. "Sasa nimezoea kutokungoja."

Kisha akaniambia kwamba Jumapili inayofuata anarudishwa kundini, na kama nataka nije.

Nilikwenda. Nilikaa nyuma, mlangoni. Waliitwa mbele watu wanne, wakaulizwa maswali, wakajibu kila mmoja kwa kinywa chake. Halafu waumini wakaanza kwenda mezani, benchi baada ya benchi, naye akaenda nao. Alipiga magoti, akapokea, akanywa, akarudi anajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Alipita karibu nami kwa sababu watu walikuwa wanarudi kwa njia ya pembeni. Uso wake sikuujua. Namaanisha kwamba katika miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona na uso ule, na nilikuwa nadhani nyuso zake zote nazijua. Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo nikahisi kama nimeibiwa. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa anaitaka ile meza, na kilichokuwa kinamzuia ni mimi. Mtu afanye nini na habari kama hiyo, tena akiwa kanisani, na watu wanamsalimia?

Binti yetu alikuja kutoka Dar kwa hasira. Alikwenda kwa mama yake kwanza, akakaa siku mbili, akaja kwangu. Alisimama mlangoni, hakukaa. "Baba, ulimfanya nini mama?" aliniuliza. Nilianza kumweleza, nikajikuta nasema, "Mimi na mama yako tulitoroka," nikasimama katikati ya sentensi. Nikaanza upya. Nikamwambia jinsi ilivyokuwa, na viatu, bila kuchekesha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na sisi tulikuwa tunacheka," akalia. Sijui kama amenisamehe, na sijui kama mimi ndiye anayepaswa kumsamehe yeye kwa lile wazo lake la sendofu. Tunaongea kwenye simu. Hatuongei hilo.

Wanawake wa huku hawakuacha kitenge kizuri kama kile cha sare kilale. Wanakivaa sokoni, wanakivaa kwenye vikao vya chama cha ushirika, mmoja anakifungia mzigo wa majani. Mara ya kwanza nilipoona nilijificha nyuma ya duka. Sasa nawasalimia.

Nimejifunza vitu vya jikoni. Ng'ombe hukamuliwa baada ya kupewa pumba. Mke wangu, sijui nimwite nani mwingine, hunipigia mara moja kwa wiki. Ananiuliza habari za magoti, namuuliza habari za wifi yake. Mwezi uliopita mwinjilisti wa kwetu alinitembelea, akaniambia kwamba kwa kuwa sasa siishi na mwanamke, na mimi naweza kurudishwa kundini, ni kutubu tu. Nilimuuliza, nitubu kuishi naye, au nitubu kumwacha aende? Alisema atamuuliza mchungaji.

Wakati mwingine nafikiri kwamba ningekataa siku ile, angekuwa hapa, anamenya ndizi, na mimi ningekuwa sijui lolote. Najua si haki kutamani hivyo. Ni kutamani mtu asiulizwe ili asije akakataa. Lakini nikiwa peke yangu mezani natamani hivyo, kisha naona aibu, kisha natamani tena. Siku nyingine natamani tofauti: kwamba ningekataa asiende, na jioni ile ile nikamfuata jikoni nikamuuliza mwenyewe, kabla ya mwinjilisti, kabla ya mtu yeyote. Labda angesema ndiyo. Jikoni, na ndizi mkononi, labda angesema. Sijui. Yeye pia nilimuuliza hilo kwenye simu, akasema hajui.

Ninachokijua ni hiki. Nilikubali mke wangu arudi kwao wiki tatu ili nimwoe, na hakurudi. Nilimpoteza mke niliyeishi naye miaka arobaini na moja. Yuko hai, ni mzima, hanichukii, lakini si mke wangu tena, na ameshawaambia watoto kwamba akifa azikwe kwao, kwenye kihamba cha kaka yake. Mimi nitazikwa huku Marangu peke yangu.